Mdomo wa Tatu wa Bomba la Chekechea

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa ndani ya jalada. Kazini anaitwa Fundi Dada.
Umri: miaka 43.
Kazi: fundi bomba.
Makazi: nyumba ya familia, mtaa wa nyuma ya soko, pamoja na mama yake mzazi.
Tarehe na saa: 28 Februari, saa 3:35 asubuhi.

Nimekuwa fundi bomba kwa miaka ishirini na miwili. Kazi tulifundishwa na marehemu baba, mimi na kaka yangu mkubwa ambaye mafundi wenzetu wanamwita Chapuchapu. Jina hilo amelipata kihalali. Kazi ya siku mbili yeye huimaliza kati ya chai na chakula cha mchana, kisha anakuuliza kwa nini wewe bado unapima. Ni fundi mzuri. Nataka hilo liandikwe mapema, kwa sababu mengine nitakayosema hayatamsaidia.

Tarehe 24 mwezi huu nilitoa maelezo hapa hapa, kwa afande huyu huyu. Ndani ya maelezo yale nilisema uongo, na nimekuja kuuondoa. Kabla hatujaanza afande ameniambia kwamba silazimiki kusema chochote na kwamba nitakayosema yanaweza kutumika dhidi yangu. Nimemwambia aandike.

Mpishi wa chekechea yuko mahabusu ya kituo hiki tangu siku ile, kwa tuhuma za kuwawekea watoto sumu kwenye chai. Hakuwawekea. Sumu ilipita kwenye bomba tuliloliunganisha mimi na kaka yangu.

Mnamo tarehe 4 Februari, siku ya Jumamosi, saa 2:00 asubuhi, tulifika kwenye nyumba ambayo Mwalimu Mkuu alikuwa anaigeuza kuwa chekechea. Zamani nyumba ile walikaa wafanyakazi wa kitalu cha miche kilicho upande wa pili wa ukuta. Kitalu bado kipo na kinafanya kazi. Mwalimu alitaka maji jikoni, chooni na kwenye sinki tatu fupi za watoto, na alitaka yawepo kabla ya Jumatatu, kwani watoto thelathini na mmoja walikuwa wameshaandikishwa. Tuligawana kazi. Mimi nilichukua ndani, kaka akachukua nje, kwenye mita.

Naomba nieleze kidogo, maana afande siku ile aliniuliza nikamjibu kwa mkato. Bomba jipya tuliloweka ni la plastiki, robo tatu ya inchi. La zamani ni la chuma, inchi moja, limezikwa pale kabla sijazaliwa. Hayo mawili hayashikani hivi hivi. Kati yao unaweka kipande tunachokiita adapta, ambacho upande mmoja kina uzi wa kuingia kwenye chuma na upande wa pili kinapokea plastiki. Saa 3:15 kaka alikuwa amefika kwenye chuma, nikatoka kwenda kuangalia ukubwa wa uzi. Nikakuta bomba linaishia kwenye tii, yaani kiungo chenye midomo mitatu. Mdomo mmoja ulitoka kwenye mita. Wa pili ulielekea kwenye nyumba, na huo ndio uliohitaji adapta. Wa tatu ulikuwa na bomba lililopita chini ya ukuta kwenda kitaluni.

Nilichuchumaa nikamuuliza, "Kaka, huu wa tatu unakwenda wapi?"

Akasema, "Kwa wenyewe. Kuna valvu upande wa pili, imefungwa tangu enzi za mzee."

Nikasema, "Valvu ya umri huo imefungwa kwa macho tu. Likate hilo bomba, uzibe mdomo."

Akasema, "Sawa, mkaguzi."

Nilikwenda dukani mwenyewe, nikarudi na adapta moja na kizibo kimoja cha chuma. Vyote viwili nilimkabidhi mkononi saa 4:05, nikaingia ndani kuendelea na sinki.

Baba alikuwa na sheria moja ambayo hata kaka hakuwahi kuifanyia mzaha. Kiungo hakifukiwi mpaka fundi wa pili akiguse. Si kuangalia kwa mbali. Ni kushuka shimoni, kukishika, kukizungusha, kukipapasa chini kama kuna unyevu. Baba aliita hilo mkono wa pili. Watu aliowafanyia kazi waliijua sheria hiyo na wakaizoea, na Mwalimu Mkuu alikuwa mmoja wao, kwa kuwa baba ndiye aliyeweka maji kwa wazazi wake.

Saa 7:00 mchana nilitoka nje nikakuta mtaro umefukiwa. Hata kufagia alishafagia. Alikuwa anafunga vifaa kwenye pikipiki, kuna mtu mwingine anamsubiri.

Nikamuuliza, "Umeziba?"

Akasema, "Kwani kizibo ulinipa nikivae kidoleni?"

Nilicheka. Mnisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilicheka. Ndiye kaka yangu, anachekesha, na mimi mgongo ulikuwa unaniuma kwa sababu ya zile sinki za kimo cha goti. Mwalimu Mkuu akatoka akauliza, "Mkono wa pili umepita?" Nikamjibu, "Umepita, Mwalimu." Haukupita. Sikushuka shimoni. Huo ndio uongo wa kwanza, nao niliusema tarehe 4 kwa Mwalimu na tarehe 24 kwa polisi.

Mnamo tarehe 15 Februari, saa 5:00 asubuhi hivi, niliitwa pale kubadilisha koki moja iliyokuwa inadondoka. Nikiwa uani, yule bwana wa kitaluni anayechanganya dawa za kuua wadudu alichungulia juu ya ukuta. Tunataniana naye tangu siku ya kwanza. Akasema, "Fundi, njoo uniangalizie pipa langu, nadhani lina mimba. Jioni naliacha nusu, asubuhi nalikuta limejaa." Nikamwambia atafute mkunga, mimi ni fundi bomba. Tukacheka, akarudi kwenye kazi yake.

Pipa hilo liko juu ya jukwaa la mbao, urefu wa mtu na zaidi. Lilikuwa linajazwa na maji yetu. Maji ya mtaa yalikuwa yakipita kwenye ule mdomo wa tatu, yakipenya kwenye valvu iliyochoka, yakipanda mpaka ndani ya pipa la dawa. Nilikuwa na kila sababu ya kulijua hilo siku ileile. Niliambiwa kwa lugha yangu, mchana kweupe, na mtu aliyesimama hatua nne kutoka mahali lilipozikwa hilo bomba.

Mnamo tarehe 23 Februari, siku ya Alhamisi, maji yalikatika mtaa mzima kuanzia saa 12:30 asubuhi. Kwetu maji yakikatika kila mtu anafanya jambo moja. Unafungulia koki, unaiacha wazi, unaweka ndoo chini, unaendelea na shughuli zako. Yakirudi utasikia. Chekechea walifanya hivyo hivyo jikoni na kwenye sinki zote tatu.

Mimi siku hiyo nilikuwa kwa fundi cherehani, mtaa wa pili kwenda juu, nimepanda kwenye tangi lake la juu ya paa. Saa 4:35 mke wake alipita chini na ndoo mbili tupu, anatembea haraka. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Chekechea. Wenzetu wana bahati, kwao maji yanatoka tangu saa ile."

Nikamwambia asiende. Sikumweleza kwa nini, nilimwambia tu, "Weka ndoo chini." Nilishuka nikaenda kwenye mita ya pale kwa fundi cherehani. Mshale umesimama. Nikaenda kwa jirani. Umesimama. Mtaa hauna maji halafu nyumba moja ina maji, bila tangi, bila kisima.  Nilimpigia kaka nikikimbia. Nikamuuliza, "Ile tii uliiziba?"

 Nilisikia tindo inawekwa chini mahali alipokuwa. Kisha akasema, "Kwa nini unaniuliza?"

Nilikata simu. Hapo nilishajua. Maji ya mtaa yakiwepo, yanasukuma kuelekea kwenye pipa. Yakikatika na koki ziko wazi chini, bomba linavuta kutoka kwenye pipa lililo juu. Ndivyo linavyofanya, halijui lililomo.

Nilifika saa 4:50. Mita ya chekechea iko nje ya geti. Niliiangalia kabla ya kuingia na mshale wake ulikuwa unazunguka kinyume, unarudi nyuma taratibu. Maana yake yale maji hayakuwa yanakwenda jikoni peke yake, yalikuwa yanatoka pia kwenda barabarani, kwenye nyumba za chini. Nilifunga koki ya geti saa 4:52. Hili la mita sikulisema kwenye maelezo ya kwanza. Naomba idara ya maji iambiwe leo hii, na nyumba zote za chini ya pale zenye matangi zimwage maji.

Ndani kulikuwa kimya. Chekechea yenye watoto thelathini na mmoja, kimya. Walikuwa wamekunywa chai tangu saa 4:30. Wengine walikuwa wamelala juu ya meza, mate yanawatoka. Mwalimu Mkuu alikuwa amembeba mmoja begani, na mwingine amemshika mkono, anazunguka nao chumbani kama mtu aliyesahau mlango uko wapi. Mpishi alikuwa amepiga magoti anamfuta matapishi mtoto mdogo wa kike, anamwambia, "Pole mama, pole mama." Nilivunja mlango wa nyuma ambao huwa haufunguki na tukaanza kuwatoa nje. Kumi na mmoja walilazwa. Wawili bado wapo hospitali. Yule mtoto aliyekuwa akifutwa na mpishi alifariki siku ileile saa 9:20 alasiri. Alikuwa na miaka minne.

Tarehe 24, kabla sijaitwa kituoni, kaka alikuja nyumbani saa 1:00 asubuhi. Mama alikuwepo. Kaka alilia, na sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba. Alisema uzi wa ule mdomo wa tatu ulikuwa umeliwa na kutu, kizibo kisingeshika mpaka uchongwe upya, na yeye alikuwa anasubiriwa, akaliacha bomba kama lilivyokuwa. Akasema aliiamini valvu. Kizibo alikuwa nacho mfukoni, akakiweka mezani mbele yetu.

Mama alikiangalia kile kizibo kwa muda mrefu. Kisha akaniambia mimi, hakumwambia yeye, "Mpishi anafanya kazi na sufuria, nani ajuaye aliweka nini. Mwanangu ana watoto watano. Ukimtia ndani, usiniite mama tena."

Nilikuja hapa nikasema tii ilizibwa na niliigusa kwa mkono wangu. Baada ya saa mbili niliona mpishi anashushwa kwenye gari lenu.

Jumapili tarehe 26, saa 4:00 asubuhi, mtaa wote ulikuwa kwenye mazishi ya yule mtoto. Kaka alinifuata nyumbani. Alikuwa amesikia kwamba wakaguzi wa maji watachimba tarehe 1. Akasema, "Nahitaji mkono wako, dakika ishirini tu." Alinihitaji kweli, maana kazi ile mtu mmoja hawezi. Ukikaza kizibo upande mmoja, tii yote inazunguka na adapta inalegea, kwa hiyo ni lazima mtu aishike tii kwa spana kubwa wakati mwenzake anakaza. Tuliingia kwa nyuma, kwenye ule mlango nilioubomoa mwenyewe.

Tulichimba. Adapta ilikuwa imekaa vizuri sana. Nilitamani iwe imefungwa vibaya nipate pa kumkasirikia, lakini ilikuwa kazi safi, imekazwa sawasawa, tepu ya kuzuia uvujaji imezungushwa kwenye uzi kama alivyotufundisha baba. Alikata lile bomba la kitaluni. Maji yaliyobaki ndani yalimwagika kwenye udongo, yana harufu na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi. Kaka aligeuza uso. Aliuchonga uzi upya kwa kifaa cha kuchongea uzi, akaweka kizibo kilekile nilichokinunua mimi, na mimi nikashika spana. Hakunilazimisha, hakunitisha. Nilishika kwa mikono miwili na nikajiegemeza kwa uzito wangu wote. Tulifukia, akafagia.

Kwa hiyo kesho wakaguzi wakichimba watakuta tii imezibwa vizuri, mpishi ataonekana mwongo na sisi tutaonekana mafundi. Lakini waangalie tepu ya kile kizibo. Ni nyeupe kabisa, wakati ya adapta imeshika udongo wa wiki tatu. Na pale bomba la kitaluni lilipokatwa chuma bado kinang'aa. Wamwulize pia mchanganya dawa kama tangu Jumapili pipa lake linajaa lenyewe.

Jana, Jumatatu, saa 8:00 mchana, nilimletea mpishi chakula hapa mahabusu. Niliona nifanye angalau hilo. Nilifikiri atanitukana. Nilizungumza naye kupitia dirisha la chuma, askari wa zamu akiwepo. Nilimuuliza, "Unahitaji kitu gani, dada?"

Akasema, "Fundi, niliionja ile chai. Ilikuwa chungu."

Nikamsogezea chakula karibu na dirisha.

Akasema, "Nilidhani ni majani ya chai. Nikaongeza sukari. Watoto walikuwa wanaikataa, nikawaongezea sukari, nikawaambia wamalize. Yule mdogo alibakiza, nikamwambia amalize, mama atafurahi." Kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi. Kesho wakiniletea karatasi nitaweka sahihi."

Chakula hakukigusa. Alinishukuru kwa kuja.

Sikulala. Hilo ndilo lililonileta. Sikuja kwa sababu mimi ni mtu mwema. Mtu mwema angekuja tarehe 24. Nimekuja kwa sababu yule mpishi ameanza kuamini kwamba ni yeye. Mimi na kaka tunajua tulichofanya, tunaweza kuishi na uongo wetu, tumeuzoea kwa siku nne na chakula kinapita. Yeye hana uongo wowote, ndiyo maana anaukubali wetu.

Kaka yangu yuko nje ya kituo hiki sasa hivi, kwenye benchi lililo karibu na lango, ameshika begi langu. Ndiye aliyenileta kwa pikipiki. Nilimwambia nimeitwa kuweka sahihi kwenye ukurasa uliosahaulika wa maelezo ya kwanza, naye akaniambia nipande, asije mtu akasema nachelewa kuitikia polisi. Njiani aliniuliza kama nimekula. Naomba mkimfuata msimpige wala msimkimbilie. Hatakimbia. Na naomba niruhusiwe kubaki humu ndani mpaka mmalize, kwa sababu akiniangalia usoni sijui kama nitaweza kuyarudia haya.

Niliyoyaona, niliyoyasema kwa uongo na niliyoyafanya kwa mikono yangu ni hayo. Nimesomewa yote polepole, nimesahihisha nyakati mbili nilizokosea, na sasa ni sahihi. Sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ameweka sahihi na dole gumba)

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika mwenyewe kuanzia saa 3:35 hadi saa 5:50 asubuhi. Shahidi alionywa mwanzoni, na tena alipoanza kueleza ya tarehe 26. Alikuwa na akili timamu na hakushawishiwa. Aliomba maji mara moja. Alipoletewa aliyaangalia, hakuyanywa. Idara ya maji imepigiwa simu saa 5:55 kuhusu nyumba za chini ya chekechea. Mkuu wa kituo amejulishwa kuhusu mpishi, na karatasi iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya sahihi yake imezuiwa.

Saa 6:05 mchana nilitoka nje na askari mmoja. Mtu aliyetajwa alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na lango, begi la kike juu ya mapaja. Aliponiona aliuliza, "Amemaliza?" Nikamjibu kwamba amemaliza. Alinitazama mimi, akamtazama askari, kisha akanipa begi, akasema lina dawa za mama yao ambazo dada yake anatakiwa kuzipeleka nyumbani kabla ya saa nane.

Akaomba niandike kwamba alijileta mwenyewe polisi, ili mama yao asimfukuze dada yake. Nilimweleza kwamba naandika kilichotokea tu.

Akasema, "Basi andika kwamba ni mimi niliyemleta."

Hilo ni kweli, nami nimeliandika.